SAMAKI WA MTO NA MWENDO WA MAJI
Somo kwa Makatibu, Kamati na Vikundi vya Kujifunza vya Vyama vya Msingi

(Somo hili lisomwe kwa sauti katika kikundi. Katibu asome sehemu moja, kisha wanachama wapewe nafasi ya kusema wanayoyajua kuhusu mto wao kabla ya kuendelea na sehemu inayofuata.)



Huenda baadhi yenu mtajiuliza: chama cha wakulima wa pamba kina haja gani na somo la samaki? Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe mwanzoni. Mashamba yetu mengi ya pamba, mpunga na mahindi yako kandokando ya mito. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao baadhi yao nao wamejiunga katika vyama vya ushirika, huosha mchanga wao kwa maji ya mito hiyo hiyo. Wavuvi wa Ziwa Victoria nao huvua samaki ambao baadhi yao huzaliwa ndani ya mito hiyo. Kwa hiyo mkulima, mchimbaji na mvuvi, hata kama hawajaonana maishani mwao, wanatumia mali moja. Asiyejua mali hiyo hufanya kazi namna gani huweza kuiharibu bila kukusudia, na kumtia hasara mtu aliye mbali naye kwa mwendo wa siku tatu.

Shabaha ya somo hili ni kueleza jambo moja tu. Samaki wa mto hawategemei wingi wa maji peke yake. Wanategemea pia mahali maji yanapopita, kasi yanayokwenda nayo, na majira yanapokuja na kuondoka. Mto unaweza kuwa na maji mengi na usiwe na samaki. Na mto mdogo, uliohifadhiwa vizuri, huweza kulisha ziwa.

1. NCHI YETU HUGAWA MAJI PANDE TATU

Ardhi ya Shinyanga na Geita ni kama paa la nyumba. Mvua inyeshayo juu yake hugawanyika na kwenda pande tatu zisizokutana tena.

Pande za kaskazini, maji huingia katika Ziwa Victoria. Mito Isanga na Moame humwaga maji katika Ghuba ya Mwanza, na mto Simiyu humwaga katika Ghuba ya Speke. Maji hayo mwisho wake ni mto Naili, na hatimaye Bahari ya Mediterania.

Pande za magharibi na kusini-magharibi, yaani kusini mwa Bukombe na pande za Ushetu, maji huelekea katika kinamasi cha Moyowosi na mto Malagarasi, ambao una urefu wa kilometa 475 hivi na huingia katika Ziwa Tanganyika. Kutoka huko maji hutokea mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Kinamasi hicho cha Malagarasi na Moyowosi kiliandikishwa mwaka 2000 kuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar.

Pande za kusini na mashariki, maji ya Shinyanga mjini na vijiji vya jirani huingia katika mto Manonga, yakaenda Wembere, Ziwa Kitangiri, na kwa mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Huko ndiko mwisho wake: maji hayo hayafiki baharini, bali hukaushwa na jua.

Mgawanyiko huu ndio unaoeleza kwa nini samaki wa mto mmoja si wale wa mto mwingine, ingawa mtu aweza kutembea kutoka mto hadi mto kwa siku moja. Katika mito ya Ziwa Victoria tunawakuta ningu, kuyu, nembe, gogogo, domodomo, kamongo na kambare ambaye kando ya Ziwa huitwa mumi. Katika Malagarasi wamo samaki walio ndugu wa samaki wa mto Kongo. Wataalamu wameeleza kwa muda mrefu kwamba mto huo ni mkongwe kuliko Ziwa Tanganyika lenyewe, na kwamba umehifadhi jamii za samaki za zamani. Katika Manonga na Wembere, ambako maji hukauka na chumvi huzidi kadiri tunavyoelekea Eyasi, wamebaki wale tu wanaoweza kuvumilia. Mmoja wao ni perege wa maziwa ya magadi, ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas.

Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yamekuwa yakivutwa kwa bomba kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga. Hivyo maji yamevuka kigongo kwa nguvu za mashine, lakini samaki wa mtoni hana njia nyingine ila ile aliyochorewa na ardhi. Njia hiyo ikikatwa, hana pa kuzungukia.

2. MTO UNA VYUMBA VINGI

Tumezoea kuuona mto kama mfereji mmoja. Kwa samaki, mto ni nyumba yenye vyumba, na kila chumba kina wenyewe. Yafaa tutambue vyumba vitano.

(a) Mkondo wa mawe na changarawe. Hapa maji huenda kasi na kuchanganyika na hewa. Kuyu hutaga mayai katika changarawe ambayo maji safi hupita kati yake. Katika maporomoko ya Malagarasi wako samaki wadogo wa jenasi ya Orthochromis, walioumbwa kukaa chini, juu ya mawe, bila kuchukuliwa na mkondo. Samaki wa namna hiyo huwezi kumhamishia kwenye bwawa.

(b) Vilindi. Hizi ni sehemu za kina ambazo hubaki na maji wakati mto umekatika. Kwa mito yetu ya msimu, kilindi ndicho ghala ya mbegu. Mumi hukaa humo akivuta hewa ya juu kwa kiungo chake maalumu, na kamongo, ambaye ana mapafu, huweza hata kujizika katika tope mpaka mvua irudi.

(c) Kingo zenye miti. Mizizi na magogo huwapa samaki maficho. Majani na wadudu wanaoanguka huwapa chakula. Kivuli hupoza maji. Maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji baridi, kwa hiyo kukata miti ya ukingoni ni kuwapunguzia samaki pumzi.

(d) Mbuga ya mafuriko. Hii ni nchi tambarare ambayo mto huifunika wakati wa mvua kubwa na kuiacha baadaye. Kwa mwenye shamba, mafuriko ni hasara. Kwa samaki, nyasi zilizofunikwa na maji ni shamba: kina chake ni kidogo, joto linatosha, wadudu ni wengi, na samaki wakubwa walao wenzao hawafiki kwa urahisi.

(e) Mdomo wa mto wenye mafunjo. Ndani ya mafunjo hewa ya majini ni haba, na sangara haivumilii hali hiyo. Kwa sababu hiyo, sangara walipoenea katika Ziwa Victoria na furu wa aina nyingi kutoweka katika miaka ya 1980, baadhi ya samaki wadogo walisalimika katika maji ya mafunjo. Anayefyeka mafunjo yote ili apande mboga huondoa mlango na kumkaribisha mwizi.

Iko pia kanuni ya jumla. Kwenye chanzo cha mto, ambako maji ni machache na ya kubadilika, aina za samaki huwa chache. Kadiri mto unavyoshuka na kupata vilindi, mbuga na matawi, aina huongezeka. Lakini ongezeko hilo halitokani na ukubwa peke yake. Linatokana na wingi wa vyumba. Mto ulionyooshwa kwa katapila na kufyekwa kingo, hata uwe mpana, umebaki na chumba kimoja.

3. MAJI YANA MAJIRA YAKE

Mwaka 1989 wataalamu watatu, Junk, Bayley na Sparks, walitoa maelezo ambayo yamekubalika sana kuhusu mito mikubwa yenye mbuga za mafuriko kama Amazon. Walisema kwamba kinachoendesha uhai katika mito ya namna hiyo ni kupanda na kushuka kwa maji kwa majira, kama mapigo ya moyo. Maji yakipanda, mto huenda kula mbugani. Yakishuka, hurudi na mavuno.

Wazee wetu hawakuhitaji kusoma maelezo hayo. Walijua kwamba mvua za Novemba na Desemba zikizidi, mto hubadilika rangi, na baada ya siku chache samaki huanza kupanda. Maji yenyewe ndiyo tarumbeta. Kupanda kwa kina, kubadilika kwa joto na harufu ya udongo mpya humwambia samaki kwamba mbuga imefunguliwa. Maji yakipungua baada ya mvua za Aprili au Mei, vifaranga hurudi mtoni na kushuka Ziwani.

Mambo matatu hutakiwa ili kazi hiyo ikamilike. Kwanza, maji yaje kwa wakati. Pili, yakae mbugani muda wa kutosha ili mayai yaanguliwe na vifaranga wakue. Tatu, yaondoke polepole na kwa njia iliyo wazi, ili vifaranga wasinaswe katika madimbwi yanayokauka. Mvua ya kiasi kile kile, ikiteremka yote kwa siku mbili kwa sababu vilima vimefyekwa, hupita kama gari moshi lisilosimama kituoni. Maji yamekuja, lakini samaki hawakupata kuyapanda.

Yuko samaki mmoja mdogo anayetufundisha habari ya majira kuliko wote. Ni wa jenasi ya Nothobranchius, na hupatikana katika madimbwi ya mbuga nyeusi ya Wembere. Huishi mvua moja tu. Hukua kwa wiki chache, hutaga katika tope, na dimbwi likikauka hufa. Mayai yake hulala katika udongo mkavu wakati wote wa kiangazi na kuanguliwa mvua ijapo. Wahenga walisema, maji ya kifuu bahari ya chungu. Dimbwi tunaloliona si kitu, ambalo trekta hulifukia kwa nusu saa, ni nchi nzima ya kiumbe huyo.

4. KISA CHA NINGU

Ningu, ambaye wataalamu humwita Labeo victorianus, hapatikani penginepo duniani isipokuwa katika Ziwa Victoria na mito yake. Hula utelezi na takataka laini za mimea zilizo juu ya mawe na tope. Mvua zikianza, makundi ya ningu huacha Ziwa, huingia midomoni mwa mito na kupanda. Hutaga katika nyasi zilizofunikwa na mafuriko kando ya mto, kisha wakubwa hurudi, na vifaranga huwafuata maji yakishuka. Wataalamu Fryer na Whitehead waliandika habari hizo kwa kirefu mwaka 1959.

Katika zama zilizopita samaki huyu alikuwa mali kubwa ya watu wa mitoni. Walimvua kwa migono na uzio wa miti wakati akipanda na akishuka, wakamkausha kwa moshi na kumpeleka mbali na Ziwa. Alikuwa chakula cha mvua, wakati ghala za nafaka zimepungua.

Ningu alipunguaje? Nyavu za makila ziliingia katika Ziwa Victoria mwaka 1905, na katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, zilizo imara na zisizooza upesi. Wavuvi waligundua kwamba hakuna haja ya kumtafuta ningu Ziwani, kwa kuwa kila mwaka anajileta mwenyewe kwenye mlango mmoja mwembamba. Wakatega nyavu katika midomo ya mito, siku zile zile ambapo majike wamejaa mayai. Mwaka 1965 mtaalamu Cadwalladr aliandika jinsi uvuvi wa ningu ulivyoanguka katika mto Nzoia, nchini Kenya. Hali kama hiyo imeonekana katika mito mingine ya Ziwa, na leo ningu amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Tuangalie vizuri mafunzo ya kisa hiki. Ningu hakupungua kwa sababu Ziwa lilikauka. Maji yalikuwepo, na chakula chake kilikuwepo. Kilichofungwa ni mlango, tena kwa wiki chache tu za mwaka. Na baada ya nyavu yamefuata mambo mengine: mbuga kulimwa, kingo kufyekwa, matope kuongezeka. Samaki anayetumia vyumba vitatu katika maisha yake, yaani Ziwa, mto na mbuga, huweza kuangamizwa kwa kufungiwa chumba kimoja.

5. MKONO WETU KATIKA JAMBO HILI

Ni rahisi kuwalaumu wavuvi wa midomoni. Yafaa kila kundi lijitazame.

Mkulima wa pamba. Kalenda yetu ya pamba na kalenda ya samaki zinagongana. Tunapanda kuanzia Novemba, na tunapiga dawa katika miezi ya mvua, ndiyo miezi ambayo samaki wanapanda na vifaranga wako mbugani. Dawa nyingi zinazotumika siku hizi ni za jamii ya pairethroidi. Dawa hizo ni sumu kali kwa samaki na kwa wadudu wa majini wanaoliwa na samaki, hata kwa kiasi kidogo mno. Anayesafisha bomba la kunyunyizia mtoni, au kutupa chupa tupu kwenye korongo, huua asichokiona. Kubaya zaidi ni tabia ya kumwaga dawa ya pamba katika kilindi ili samaki waelee. Hiyo ni kuua ghala ya mbegu na kumlisha mnunuzi sumu. Sheria inaikataza, na chama kisione haya kuikemea.

Mkulima wa mpunga. Majaruba yaliyo mbugani si adui wa samaki moja kwa moja, kwa kuwa nayo hushika maji na kuwa na wadudu. Taabu huanza matuta yanapofunga kabisa njia ya maji kati ya mto na mbuga. Kuacha milango katika matuta, na kuacha ukanda wa nyasi usiolimwa, huwezesha mpunga na samaki kukaa pamoja.

Mfugaji na mchimba lambo. Tuta linalokata mto mzima bila njia ya kupitia maji pembeni hukata pia safari ya samaki. Na ng'ombe wanaoshushwa kila mahali huvunja kingo na kujaza vilindi udongo. Mahali pamoja palipopangwa pa kunyweshea hupunguza hasara hiyo.

Mchimbaji wa dhahabu. Katika nchi yetu neno mwalo sasa lina maana mbili: mahali wavuvi wanaposhusha samaki, na mahali wachimbaji wanapooshea na kuchenjulia dhahabu. Mialo hii miwili imeunganishwa na maji yale yale. Uoshaji hutoa tope laini ambalo husafiri mbali kabla ya kutua. Likitua juu ya changarawe, hufunika mayai ya kuyu na kuyanyima hewa. Likibaki majini, huziba mashavu ya samaki na kuzuia nuru inayootesha utelezi ambao ningu hula.

Zebaki nayo ina hadithi yake. Sehemu ya zebaki inayotumika kushikia dhahabu hupotea katika udongo na marudio, na mvua huisukuma mtoni. Katika tope la maji yaliyotulia na yasiyo na hewa ya kutosha, vijidudu huigeuza kuwa aina inayoingia katika nyama ya viumbe. Samaki mdogo hula kidogo, samaki mkubwa hula wadogo wengi, na kwa njia hiyo sumu hupanda ngazi. Ndiyo maana samaki wakubwa walao wenzao huwa na zebaki nyingi zaidi, na ndiyo maana madimbwi yaliyo karibu na mialo ya dhahabu si mahali pa kuvulia kitoweo, hasa kwa mama mjamzito na watoto. Dunia ilijifunza hatari hii huko Minamata, nchini Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani na samaki wa baharini ulitambuliwa mwaka 1956. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020.

Tusisahau kwamba mchimbaji huyu ni kijana wetu. Mara nyingi alikwenda kwenye machimbo kwa sababu pamba haikumlipa. Hatufundishwi hapa kumfukuza, bali kukaa naye katika meza moja.

6. KUUPIMA MTO WETU

Chama kisichopima pamba yake hudanganywa. Vivyo hivyo chama kisichopima mto wake hubaki kubishana. Vifaa ni vichache: kamba ya mita 10, ufito wenye alama za sentimeta, saa, gunzi la hindi, na daftari.

Chagueni mahali palipo nyooka. Pimeni upana wa maji. Pimeni kina mara tano kutoka ukingo hadi ukingo, kisha tafuteni wastani. Tupeni gunzi na kuhesabu sekunde linazotumia kupita mita 10. Fanyeni hivyo mara tatu na kuchukua wastani. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kasi iliyopatikana izidishwe kwa 0.8. Mwishoni zidisheni upana, kina na kasi.

Mfano wa kwanza, wakati wa mvua za wastani. Upana ni mita 6, kina ni mita 0.4, na gunzi limetumia sekunde 20. Kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde, na ikizidishwa kwa 0.8 huwa mita 0.4. Kwa hiyo 6 × 0.4 × 0.4 = 0.96. Yaani mto unapitisha lita 960 kwa sekunde.

Mfano wa pili, mahali pale pale wakati wa kiangazi. Upana ni mita 2, kina ni mita 0.2, na gunzi limetumia sekunde 40. Kasi iliyorekebishwa ni mita 0.2 kwa sekunde. Kwa hiyo 2 × 0.2 × 0.2 = 0.08, yaani lita 80 kwa sekunde.

Sasa tazameni. Pampu ya petroli ya inchi 3 huweza kuvuta hadi lita 1,000 kwa dakika, ambazo ni karibu lita 17 kwa sekunde. Pampu moja wakati wa mvua haionekani. Pampu tano wakati wa kiangazi huvuta lita 85 kwa sekunde, na mto umekwisha. Hesabu hii ndogo humaliza ugomvi mwingi kati ya wenye bustani, wenye mialo ya dhahabu na walio chini ya mto.

Pamoja na vipimo hivyo, katibu aandike tarehe mto ulipoanza kutiririka na tarehe ulipokatika. Tarehe samaki walipoonekana wakipanda, na ni samaki gani. Na idadi ya vilindi vilivyobaki na maji mwezi Septemba. Kwa uchafu wa maji, shusheni sahani nyeupe kwa kamba na kuandika kina inapopotea machoni. Mtu asiingie mtoni kupima wakati wa mafuriko. Daftari la miaka mitatu lenye kumbukumbu hizi litasikilizwa na ofisi yoyote.

7. WAJIBU WA CHAMA

Sheria ziko upande wetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mahitaji ya watu yatangulie, na mazingira yaachiwe akiba yake ya maji kabla ya matumizi ya kiuchumi. Inaruhusu pia kuundwa kwa jumuiya za watumia maji. Ofisi za kuendea ni Bodi ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Mwanza, ya Ziwa Tanganyika iliyoko Kigoma, au ya Bonde la Kati iliyoko Singida, kulingana na upande maji yenu yanakoelekea.

Lakini sheria peke yake haioteshi mti. Nguvu yetu ni mfano tulio nao nyumbani. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, wakati nchi hii ilipokuwa imefyekwa kwa ajili ya mashamba, kuni na kufukuza mbung'o. Mpango huo ulifaulu kwa sababu ulirudi kwenye desturi ya wenyeji ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lipumzike ili litumike wakati wa shida. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Watu hawakuambiwa waache kufuga. Waliambiwa waache nyasi zipate majira yake.

Mto nao wahitaji ngitili yake. Kila chama kinaweza kuazimia mambo manne bila kungoja fedha za mtu. Kwanza, kutenga vilindi viwili au vitatu visivyovuliwa kabisa wakati wa kiangazi, ili pawe na mbegu. Pili, kuacha nusu ya upana wa mto wazi, bila nyavu wala uzio, katika wiki za kwanza za mafuriko. Tatu, kuchimba mahali pamoja pa kusafishia mabomba ya dawa, mbali na mto, na kukusanya chupa tupu pale ghalani. Nne, kukubaliana na wachimbaji kwamba marudio yawekwe nyuma ya ukuta wa udongo mbali na maji, maji ya kuoshea yazungushwe na kutumika tena, na zebaki ichomwe katika chombo kinachokamata mvuke wake.

Baadhi ya wanachama watasema: mito yetu hukauka kila mwaka, samaki gani tunawalinda? Jibu ni kwamba samaki wetu wamezoea mto unaokauka. Hawakuzoea mto unaokauka ukiwa hauna vilindi, na ukija unakuta mbuga imefungwa. Kiangazi hakikuwamaliza kwa maelfu ya miaka. Sisi twaweza kuwamaliza katika umri wa mtu mmoja, na bei yake italipwa na mtoto atakayekula ugali bila kitoweo mwezi Februari.

MUHTASARI

Samaki wa mto huamuliwa na mambo matatu: vyumba vya mto, kasi na kiasi cha maji, na majira yake. Maji ya Shinyanga na Geita huenda pande tatu, na kila upande una jamii yake ya samaki. Ningu alipunguzwa kwa kufungiwa mlango katika wiki zake za uzazi. Chama chaweza kufungua mlango huo kwa maazimio madogo yanayotekelezwa kila mwaka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Maji ya mto wa kijiji chetu huishia ziwa gani? Ni vyama gani vilivyo chini yetu ambavyo hupokea tunachokitupa?

2. Wazee watutajie samaki waliokuwa wakipanda mto wetu walipokuwa watoto. Ni wapi kati yao hawaonekani tena, na walitoweka baada ya jambo gani?

3. Katika vyumba vitano vilivyotajwa, mto wetu una vingapi? Ni kipi kimepotea, na chaweza kurudishwa?

4. Mabomba ya dawa ya wanachama wetu husafishwa wapi?

5. Chama kimechagua kilindi gani kitakachopumzishwa kiangazi kijacho, na nani atakilinda?

Katibu aandike majibu ya kikundi katika daftari la mto, na jibu la swali la tano liletwe mbele ya mkutano mkuu wa wanachama lipigiwe kura.